Kisu Mfukoni, Bastola Kiunoni: Barua Kutoka Texas



Jua la Texas linanikaanga. Nipo San Antonio kwa binamu yangu, binti wa mjomba, aliyeolewa huku na mwenyeji. Kipimajoto cha barazani kinasoma digrii 100 kwa vipimo vyao, karibu 38 kwa vyetu, na bado Juni haijaisha. Shemeji yangu ni fundi wa viyoyozi, mrefu, mpole, mwenye kofia pana, na Kiswahili chake kinaanza na "shikamoo" na kuishia na "karibu chakula". Shikamoo anampa kila mtu, hata bintiye wa miaka 6, na mtoto anaitikia "marahaba" bila wasiwasi wowote. Nimewapenda wote.

Leo nataka kukusimulia jambo moja tu. Huku wanaume wengi, na wanawake si haba, hutoka nyumbani na kisu cha kukunja mfukoni na bastola kiunoni, iwe wanakwenda kazini, dukani au kanisani. Nilitamani kujua vitu hivyo viwili vinafanya kazi gani mchana kutwa. Basi Alhamisi shemeji alichukua likizo, tukapanda pikapu lake, nikashinda naye tangu asubuhi hadi taa zinawashwa. Jikoni tulianzia, kwa hiyo vuta kiti.

Karibu na mlango wa jikoni kuna sinia la mbao. Juu yake hulala pochi, funguo, simu, tochi ndogo isiyozidi kidole na kisu cha kukunja chenye kibanio cha chuma ubavuni. Shemeji huvichukua kwa mpangilio uleule, na kila kimoja kina mfuko wake. Kisu hakitumbukii chini mfukoni. Kile kibanio hukishikiza kwenye ukingo wa mfuko, ncha ya mpini ikichungulia nje, ili vidole vikipate bila kupapasa. Tazama suruali yoyote ya jinzi kwenye kamba ya nguo ya hapa nyumbani utaona pembeni mwa mfuko mstari mweupe ambapo kibanio kimesugua kitambaa mpaka rangi ikatoka. Binamu ameacha kununua suruali za bei ghali kwa sababu ya mstari huo.

Bastola haikai kwenye sinia. Inalala chumbani, kwenye sefu ndogo ya chuma iliyofungwa kwa misumari ya parafujo ndani ya kabati, na hufunguliwa kwa namba ambazo ni watu wazima wawili tu wanazijua. Binamu aliweka sharti hilo kabla mtoto hajazaliwa. Bastola yenyewe ni Glock 19, nyeusi, isiyo na pambo lolote, yenye nafasi ya risasi 15 kwenye magazini. Ikijaa hukaribia gramu 850, ndiyo maana shemeji anavaa mkanda wa ngozi mnene ambao peke yake uliuzwa zaidi ya dola 60. Inaingia kwenye kifuko kigumu cha plastiki ndani ya suruali, nyuma kidogo ya nyonga ya kulia, na kifuko kinafunika kifyatulio chote ili kitu chochote kisije kukigusa. Kisha shati linashuka juu yake. Nilimwona akijitazama kwenye kioo, akainama, akainuka, akavuta shati, akainama tena. Kisu kilikuwa tayari mfukoni zamani, hakikuhitaji kioo.

Usiwe na hofu kwa ajili yangu, mimi sikuigusa hata kwa kidole. Sheria ya Marekani yote inamkataza mgeni mwenye viza ya matembezi kumiliki au kushika silaha ya moto na risasi zake, isipokuwa kwa sababu chache maalumu kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kwa wenyeji wa Texas mambo ni tofauti: tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu aliyetimiza miaka 21 na asiyekatazwa na sheria anaweza kubeba bastola bila kibali maalumu. Kuhusu visu, tangu tarehe 1 Septemba 2017 mtu mzima anaweza kubeba kisu cha urefu wowote karibu kila mahali. Chenye ubapa unaozidi inchi 5 na nusu ndicho kinachokatazwa shuleni, hospitalini, kwenye nyumba za ibada, baa na sehemu nyingine kadhaa. Cha shemeji hakifiki hata inchi 4.

Tulianza na chai. Hapa San Antonio asubuhi huliwa taco: tortilla laini ya ngano iliyotoka motoni, ndani yake mayai, viazi na nyama iliyosagwa. Dola 3 na senti kadhaa kila moja, na mbili zinamshibisha mtu mzima. Kibanda kilijaa wajenzi, walimu walio likizoni na mabibi wawili waliovaa mavazi ya kwenda kuogelea. Mama muuzaji alikuwa akihangaika na boksi la mafuta lililofungwa kwa mikanda ya plastiki, akilivuta kwa meno. Shemeji alinyoosha mkono, kisu kikafunguka kwa kidole gumba, mikanda ikakatika, kisu kikajikunja na kurudi mfukoni kabla sijamaliza kumeza tonge. Mama yule alitulipa kwa pilipili ya ziada, ambayo ilinitoa machozi ya kweli mpaka Austin.

Njiani kwenda Austin tulisimama New Braunfels, ambako binamu alikuwa ametuagiza vitambaa. Tulipofika mlangoni mwa duka shemeji akasimama ghafla. Kwenye kioo palikuwa na tangazo refu kwa Kiingereza na Kihispania, maandishi ya herufi kubwa kutoka juu hadi karibu na kitasa: bastola hazitakiwi humu. Mwenye duka ana haki hiyo, na sheria imemwekea hata ukubwa wa herufi zake, zisipungue urefu wa inchi 1. Shemeji hakunung'unika. Akarudi kwenye pikapu, akaketi, akafunga mlango, akaitoa bastola pamoja na kifuko chake, akaiweka kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya mnene chini ya kiti, akakifunga, akajaribu kufuli mara mbili. Ndani ya gari lililozimwa, kwenye jua lile! Alirudi shati limelowa mgongoni.

Nikamuuliza kwa nini asiiache tu kwenye kile kidroo cha mbele kama wengine. Akaniambia bastola zinazoibwa kwenye magari ni balaa la miji yao, polisi hawachoki kuwaonya watu, na iliyoibwa huishia mikononi mwa mtu ambaye hangeuziwa dukani. "Nikiibeba," alisema, "ni yangu mimi popote ilipo." Jibu hilo lilinigusa.

Ndani ya duka, binti mkataji alikuwa na mkasi uliofungwa bado ndani ya ile plastiki ngumu ambayo huwezi kuifungua bila mkasi mwingine. Unajua ninachotaka kukuambia. Kisu kilitoka, kikaufungua, kikarudi. Hakuna tangazo mlangoni lililokihusu, na hakuna mtu aliyekitazama mara mbili. Vitambaa vilikuwa dola 9 kwa yadi, pamba nzuri yenye maua ya bluu, ila kwa bei hiyo kwetu Tanga ningerudi na doti nzima ya kanga na nauli ya bodaboda.

Austin tulikwenda kwa ajili yangu, kwa sababu niliambiwa kuna duka la serikali ya jimbo linalouza vitu vilivyoachwa na abiria kwenye viwanja vya ndege. Msomaji wangu, fikiria makasha ya plastiki yaliyojaa visu! Vidogo vyekundu vya Victorinox vya kuning'iniza kwenye funguo, Leatherman zenye koleo na bisibisi ndani yake, visu vya mipini ya mbao, ya mfupa, ya pembe, vingine vimechongwa majina ya wenyewe au tarehe ya harusi. Vyote vilisahauliwa mfukoni asubuhi ya safari, vikakutwa kwenye mashine ya ukaguzi. Mwenye nacho huambiwa akirudishe garini, akiweke kwenye mzigo wa chini ya ndege au akiache. Ndege haimsubiri mtu, hivyo wengi huacha.

Nilisimama pale muda mrefu nikivichambua pamoja na mzee mmoja aliyekuwa akiwatafutia wajukuu zake. Alinionyesha namna ya kukagua: fungua ubapa, utikise kidogo kuona kama umelegea kwenye egemeo lake, utazame makali dhidi ya mwanga ukitafuta pengo, kisha ufunge usikilize mlio. Kisu kizuri hufunga kwa mlio mmoja mkavu. Kwa dola chache tu nilipata Victorinox yenye ubapa mkubwa, ubapa mdogo, kifungulio cha makopo na kibanio cha kuchomolea vijiba. Dukani kisu kidogo kabisa cha kampuni hiyo ni kama dola 25, Buck 110 yenye mpini wa mbao na shaba ni dola 70 na kuendelea, na Leatherman nzuri hupita 100.

Bastola hazifiki kwenye makasha yale. Anayekutwa nayo kwenye ukaguzi huitiwa polisi, na faini peke yake inaweza kuzidi dola 10,000. Mwaka 2024 wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikamata silaha za moto 6,678, na takribani 94 katika kila 100 zilikuwa na risasi ndani. Watu elfu kadhaa, kila mmoja akisema aliisahau begini! Shemeji alitikisa kichwa aliposikia. Kwake yeye, mtu anayeweza kusahau bastola yake iko wapi hapaswi kuwa nayo. Nakubaliana naye kwa moyo wote, na nimekuandikia ili nawe ukumbuke pindi ndugu yako wa huku akianza kujisifia.

Njaa ikatukuta Lockhart, mji mdogo ambao bunge la Texas limeutangaza kuwa mji mkuu wa nyama choma wa jimbo. Usidhani ni maneno matupu. Ukiingia Smitty's Market kwa mlango wa nyuma unapita kando ya moto wa kuni unaowaka sakafuni, joto linakupiga usoni, na moshi wa mti wa mwaloni unaingia kwenye nywele na kukaa humo mpaka kesho yake. Nyama hupimwa kwa ratili. Kidari cha ng'ombe kilichookwa ni dola 20 na kitu kwa ratili moja, zaidi ya shilingi 50,000 za Tanzania, na soseji yao inachuruzika mafuta unapoivunja. Unapewa kila kitu juu ya karatasi nyekundunyekundu ya buchani, pamoja na mkate mweupe na biskuti za chumvi. Sahani hakuna. Mikono yako ndiyo uma wako.

Zamani mahali pale, visu vya kulia nyama vilifungwa kwa minyororo ili visiondoke na wateja. Siku hizi unapewa kisu cha plastiki. Changu kilikatika kwenye kipande cha pili, ncha ikarukia kwenye maharage ya jirani, mama mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa, naye akanirudishia kwa heshima zote. Nikatoa kisu changu kipya cha Austin, nikakisafisha kwa maji ya chupa, nikakata kidari changu vipande vyembamba. Nilipoinua macho niliona meza nzima inafanya hivyohivyo: mwenye Buck, mwenye Opinel ya Kifaransa yenye pete ya kufungia, kijana mwenye kisu cha wavuvi. Mama yule akaniambia mumewe alimchumbia kwa kumkatia nyama mezani palepale. Bastola ngapi zilikuwa ukumbini sijui, hakuna iliyoonekana, na hakuna aliyeiulizia.

Tulipotoka tulipita baa moja yenye muziki, na mlangoni palikuwa na tangazo la namba 51 nyekundu, kubwa. Maana yake mapato ya mahali hapo, asilimia 51 au zaidi, hutokana na pombe inayonywewa hapohapo, na kuingia humo na bastola ni kosa. Shemeji aliongeza ya kwake: siku anayotaka bia, hata moja, bastola inabaki kwenye sefu. Siku ile alikunywa soda, nami nikamuunga mkono.

Alasiri tukawa shambani kwa baba yake, nje kidogo ya Luling, mji wa matikiti. Utapenda Luling: visima vya mafuta vipo katikati ya mji, na zile pampu zake zinazoinama na kuinuka wamezivalisha sanamu za rangi, mtoto anakula tikiti, kila sanamu inaitikia kwa kichwa mchana kutwa kana kwamba inakubaliana na wewe. Binti wa shemeji alikuwa huko kwa babu yake wiki nzima kwa ajili ya likizo, akatupokea na shikamoo.

Babu ana miaka 80 na kitu. Mfukoni mwake kuna kisu cha Case chenye mpini wa manjano na bapa mbili. Sikuwahi kuona kisu kilichonolewa kiasi hicho: ubapa mmoja umeliwa na jiwe mpaka umebaki mwembamba kuliko mwenzake, na chuma chake kimegeuka rangi ya kijivu yenye mawimbi ya bluu kwa miaka ya kukata matunda. Haking'ai hata kidogo, lakini alinikatia ukingo wa gazeti bila kutoa sauti. Alikuwa akiwalisha ng'ombe. Kila robota la nyasi kavu limefungwa kwa kamba, naye huingiza ubapa chini ya kamba makali yakitazama nje, akavuta mara moja, nyasi zikafunguka kwa vipande. Niliokota kamba moja nikainusa. Mkonge mtupu! Mimi mtu wa Tanga nikasimama katikati ya ng'ombe wa Texas nikinusa mkonge, na babu akanitazama kwa upole, akaniachia nikainusa nitosheke.

Kisha tikiti. Lilikuwa refu kama mtoto wa wiki kadhaa, na nilijua ubapa wa sentimita 8 hauwezi kulipasua. Babu hakushughulika na kulipasua. Alichoma ncha, akalizungusha tikiti taratibu kwenye ubao huku kisu kikitembea mpaka duara likakutana lilipoanzia, akaweka kisu chini, akaingiza vidole gumba kwenye mstari ule na kulifungua kwa mikono. Lilitoa mlio wa kupasuka uliotufanya sote tucheke. Barabarani yanauzwa dola 5 hadi 8, letu lilitoka bustanini. Babu alitutengea sote tukala kibarazani, akimkatia mjukuu wake vipande visivyo na mbegu, na kila kipande alimpa juu ya ubapa uliolazwa, mpini ukiwa kwake. Mtoto alijua kusubiri kisu kitulie kabla ya kuchukua. Amefundishwa.

Hapo ndipo ulipozuka mjadala wa kiume. Shemeji husema kisu kikae mfuko wa kushoto mtu akiwa na bastola kulia, kwa sababu siku mbaya ikija mkono wa kulia una kazi yake, na mtu akikukamata mkono huo, wa kushoto uwe na kitu. Wengi wanaofundisha kutumia bastola husema vivyo hivyo. Lakini asubuhi ile nilishuhudia kisu chake kimekaa kulia! Babu akaliona hilo, akaangua kicheko. Yeye anasema kisu kikae pale mkono unapokwenda wenyewe, kwa sababu mtu hukata kamba, boksi na matunda maisha yake yote, na siku ile mbaya pengine haiji kabisa. Shemeji akakiri kwamba alijaribu kushoto, kila akitaka kukata kitu mkono wa kulia ukatangulia kupapasa mfuko mtupu, akakirudisha. Bastola ya babu? Anayo, imefungiwa ndani. Kiunoni ilikuwa ikimuumiza alipopanda trekta.

Nikamuuliza shemeji swali lililonikereketa tangu asubuhi: umewahi kuitumia? Hapana. Haijawahi kufyatuliwa popote isipokuwa kwenye uwanja wa shabaha, na anaomba ibaki hivyo mpaka azeeke. Lakini kila mwezi huenda uwanjani, kwa sababu anayebeba bila kufanya mazoezi ni hatari kwa wenzake. Boksi la risasi 50 ni kama dola 15, kiingilio cha uwanja juu yake, na kuisafisha baadaye. Bastola yenyewe ilimgharimu zaidi ya dola 500, na kuna kifuko, mkanda, sefu ya nyumbani na kisanduku cha garini. Nikajumlisha kichwani nikakaa kimya. Kisu cha babu kinadai jiwe la kunolea na tone la mafuta. Huko kwetu muuza machungwa wa sokoni hana zaidi ya hapo, na humenya ganda zima kwa utepe mmoja bila kukatika.

Tulirudi na mtoto jua likizama, tukajaza mafuta kwenye Buc-ee's ya palepale Luling. Ilifunguliwa Juni 2024 ikiwa na pampu 120 na duka la futi za mraba 75,000. Ndani kuna vyoo safi kuliko hoteli nyingi nilizolala, ukuta mzima wa nyama kavu, sandwichi ya kidari kwa karibu dola 8, punje za mahindi zilizopakwa sukari ambazo mtoto aliziomba kwa Kiswahili fasaha, na kabati la kioo la visu, wazi kwa kila mteja, jirani na miwani ya jua na kofia. Mtoto alinunuliwa punje. Kisu alikiangalia tu, babu amemwahidi cha kwanza akifika miaka 10, pamoja na somo.

Nyumbani, kabla ya viatu, kabla ya maji ya kunywa, kabla ya kumsalimia mkewe aliyetoka zamu hospitalini, shemeji alikwenda chumbani. Nilisikia vitufe vya sefu, mlango, kufuli. Ndipo akarudi na kumkumbatia mtu. Binamu aliniambia kwamba hilo ndilo linalomfanya alale usingizi, na bado yeye mwenyewe hataki kubeba. Ni muuguzi. Ameona majeraha ya risasi kwenye miili ya watu wa kila umri, na mengine yalitokana na bastola iliyoachwa mezani dakika moja tu. Kwenye funguo zake kuna kile kisu chekundu kidogo, na kila siku kinamfungulia barua, kinakata uzi, kinachomoa kijiba kwenye kidole cha mtoto.

Sasa nikuambie ninachoamini baada ya siku ile. Kisu kilimtumikia shemeji tangu taco ya asubuhi hadi mifuko ya Buc-ee's, na kila kilipotoka kilimsaidia mtu na kuleta shukrani. Bastola aliitumikia yeye: aliivika, akaificha, akaifungia garini, akaitoa, akaiwazia kila mlango, akairudisha usiku kwenye sefu yake. Anaifanya kazi hiyo kwa uaminifu na namheshimu kwa hilo, maana anajua amebeba uhai wa watu. Lakini mtu akiniuliza aanze na kipi, sitafikiri mara mbili.

Kwa hiyo, ukija huku, nunua kisu kidogo kizuri, kinoe, kiweke kwenye mzigo mkubwa siku ya kurudi na kamwe si kwenye begi la mkononi. Mfundishe mtoto wako kupokea na kutoa kisu kwa mpini. Na ukikaribishwa nyumba yenye bastola, uliza kabla hujaketi kama imefungiwa, hasa ukiwa na watoto. Mwenyeji mwema hatachukia, shemeji yangu alinishukuru nilipomuuliza.